Kadi kwa Jina la Aryemo

Wiki jana mliniacha uani kwetu Makindye, nimekaa chini, natazama sehemu iliyo tupu.

Wanaume wawili waliovaa makoti ya kung'aa na barakoa walikuwa wamebisha, wakaingia bila kukaribishwa. "Tumetoka Kadi ya Tulizo. Deni limekushinda." Wakachomoa waya, wakaibeba mashine yangu ya kufulia. Mashuka ya gesti ninayoifulia yalikuwa bado ndani, yamelowa. Maji yaliwafuata mpaka barabarani.

Mimi nikiogopa hutazama viatu vya watu. Basi hao nao niliwajua kwa viatu tu. Mmoja alivaa buti jeusi, kamba yake ya kijani.

Kama leo ndiyo mara yako ya kwanza kunisoma, jua hili moja. Mashine niliinunua dukani kwa kadi ya mkopo, na kadi haikuwa na jina langu.

Sina kitambulisho cha taifa. Nilipokwenda kukiomba, karani aliniuliza kabila. Nikasema, "Mswahili."

"Hiyo ni lugha, nyabo. Nataka kabila. Na ukoo."

Watu wetu wamezikwa Kampala hii tangu babu wa babu yangu. Ningeweza kumwambia hivyo. Nilitazama viatu vyake, nikarudi nyumbani.

Rafiki yangu Aryemo alicheka mpaka akashika mbavu. "Jannat wangu, si utumie changu?"

Aryemo ni binti wa sajini. Tulikaa dawati moja katika shule ya kambini mpaka nilipoachia darasa la tano. Mwalimu akiniuliza swali, Aryemo alijibu. Dukani nikidhulumiwa chenji, Aryemo aligomba. Basi laini yangu ya simu ikaandikishwa kwa kitambulisho chake, kama wengi tunavyofanya hapa. Kadi ya Tulizo nayo ikatoka kwa jina lake, kwa laini yangu. Nikafua, nikalipa, hakuna aliyeuliza.

Halafu gesti mbili nilizokuwa nikizifulia zikafungwa, mmoja wa wenyewe akatoroka na malipo yangu. Nikabaki na gesti moja. Nikawaandikia watu wa kadi: nipeni muda, sikatai deni. Kimya. Nikapiga simu: muziki. Nikaandika tena, nikapiga tena. Kimya na muziki, kimya na muziki.

Aryemo akasema, "Niachie mimi." Akawa ananijia kila Ijumaa, nampa elfu thelathini za kuwatuliza wakubwa wa kadi.

Hapo ndipo tulipokuwa, wale wawili wakaja.

*

Jioni ileile Aryemo aliingia kwetu mbio, kitambaa cha kichwa kimemwangukia shingoni.

"Mashetani! Wamechukua kweli?"

"Wamechukua."

"Na mashuka ya watu?"

"Na mashuka."

"Banange! Ungekuwa umeanika sidiria wangechukua pia!"

Mama yangu, Mwanawetu, alimkata jicho kutoka kwenye mkeka wake wa kusalia.

"Nisamehe, Mama. Ni hasira."

"Hasira weka pembeni," mama akasema. "Kesho mwende wote wawili huko ofisini, mkawaulize kwa nini hawajibu watu, kisha wanakuja kubeba vitu."

"Mama, mimi nitakwenda. Yeye asikanyage." Aryemo alinigeukia. "Ukifika pale watauliza wewe ni nani. Utasema nini? Kutumia kitambulisho cha mtu ni jela. Ukifungua mdomo tu, tunalala selo sote."

Nikatikisa kichwa, kwamba sitafungua.

Akanikumbatia. Alilia kuliko mimi. Ni mimi niliyempa leso.

*

Jumatatu simu ikalia. Alikuwa Madam Abalo, mwenye gesti ile moja iliyobaki, kule Kabalagala.

"Jannat, mashuka yangu."

"Yanakuja, Madam."

"Yanakuja na miguu yao? Ijumaa nina wageni kutoka Juba, nyumba nzima. Niwatandikie magazeti?"

"Yanakuja."

"Wewe msichana, sauti yako haisikiki. Sema kama mtu aliyekula!"

Nikampigia Aryemo. Hakupokea. Nikampigia siku ya pili. Simu imezimwa. Nikimpoteza Madam Abalo, hata nikiirudisha mashine, nitamfulia nani?

Jumatano asubuhi nikavaa baibui. Mama akauliza, "Unakwenda wapi?"

"Kwa watu wa kadi."

Alinifunga pini ya mtandio vizuri, kama ninakwenda shule.

*

Ofisi yao iko mjini, chini ya jengo lenye maduka ya simu. Mlango wa kioo umefungwa, nje watu wamejipanga wamezunguka kona.

"Panga mstari!" mlinzi alikuwa akifoka, kwa Kiswahili cha jeshi. "Hapa si harusi! Hakuna pilau!"

Nyuma yangu alisimama mzee mmoja wa kanzu. "Mimi napiga simu hapa tangu mfungo," akamwambia mwanamke aliyekuwa nyuma yake. "Ule wimbo wao wa kusubirisha nimeushika wote. Juzi nimejikuta nauimba nikitawadha."

"Bora wewe unapata wimbo," mwanamke akasema. "Mimi naletewa ujumbe, 'Mpendwa mteja.' Mpendwa! Mume wangu miaka yote hajaniita hivyo, leo naitwa na watu wanaotaka kuniuza."

Watu wakacheka. Na mimi nilicheka, ndani ya mtandio. Kumbe sikuwa peke yangu niliyekuwa nikipigia ukuta.

Mlinzi akatuingiza wachache, nikafika kaunta. Nilitafuta viatu vya dada wa kaunta, sikuviona. Ubao ulishuka mpaka chini. Ikabidi nimtazame usoni.

"Jina?"

Aryemo alikuwa ameniambia nisifungue mdomo. Nikafungua.

"Aryemo."

"Kitambulisho."

"Nimekiacha nyumbani."

Akapumua kama mtu aliyechoka na dunia. "Haya. Nakutumia namba kwenye simu yako. Ukinisomea, nitajua ni wewe."

Simu yangu ikalia mkononi. Nikamsomea.

"Sawa, Aryemo. Shida nini?"

Kwa hiyo nikawa Aryemo. Ilikuwa rahisi hivyo.

"Nimewaandikia sana," nikasema. "Hamkunijibu."

"Ujumbe wa simu hatusomi, dada. Hapa tuko wawili, wateja ni wengi kama nzige. Lakini..." Akasogeza uso kwenye kompyuta. "Lakini wewe ulijibiwa. Ulikuja mwenyewe ukaomba nafuu. Wiki ileile tukakujibu."

"Mlijibu wapi?"

"Kwenye namba nyingine uliyotuachia. Ulisema hii ya kwanza ina matatizo."

Akaisoma ile namba. Hakuhitaji kuimaliza. Ninaijua kama ninavyoijua Alhamdu. Ni ya Aryemo.

"Mlinijibu nini?"

Alinitazama kama anayenusa iwapo nimekunywa. "Tumekubali. Miezi mitatu usilipe hata shilingi. Huu ndio mwezi wa pili. Si ulisema asante? Hapa umeandika asante."

Nikafikiria zile Ijumaa. Nikafikiria mama akinywa chai kavu, ili elfu thelathini itimie.

"Na mashine je?" nikauliza. Sauti yangu ilitoka, mpaka mzee wa kanzu akageuka. "Kama mlikubali, mbona mlikuja kuibeba?"

"Nani alikuja?"

"Nyinyi. Wanaume wawili."

"Sisi?" Akamgeukia mwenzake. "Ati sisi tumebeba mashine! Dada, ofisi hii haina gari. Mkubwa mwenyewe anakuja kwa boda."

Kisha akaacha kutabasamu. Akaandika kitu.

"Kuna watu wamekuja kwako wakajiita Tulizo? Hilo si dogo. Mkubwa atakupigia leo."

Nyuma yangu mzee wa kanzu akacheka mpaka akakohoa. "Atakupigia! Binti, tafuta kiti, ukae usubiri mpaka uote mvi."

*

Mnajua nilipokuwa natoka pale nilikuwa najiambia nini?

Labda Aryemo alisahau kuniambia. Labda zile pesa anazitunza, anitolee siku moja, anishangaze. Labda wale wanaume ni wezi tu, hata yeye hawajui. Nilimtetea njia nzima mpaka Kabalagala. Kama yeye alivyonitetea mimi tangu utotoni.

Nilikuwa nakwenda kumpigia Madam Abalo magoti, nimwambie mashuka yake yameibiwa.

Nilimkuta mlangoni, anamfokea muuza maji. Aliponiona akapanua mikono.

"Eh! Leo umekuja wewe? Umekuja kuchukua mengine?"

"Madam, nimekuja kuomba msamaha. Mashuka yako..."

"Msamaha wa nini? Yalirudi jana. Tena yamenyooka, ningeweza kuyasoma kama gazeti."

Nikamtazama. Akanivuta mpaka chumba cha kwanza, akafunua kitanda. Kwenye pembe ya shuka palikuwa na msalaba mdogo wa uzi mwekundu.

Ule uzi niliushona mimi. Kila gesti nilikuwa nikiipa rangi yake ili mashuka yasichanganyike. Nyekundu ni ya Madam Abalo. Hayo ndiyo mashuka yaliyobebwa yamelowa ndani ya mashine yangu.

"Nani ameyaleta?"

"Dada yako. Yule mrefu anayekuongelea. Amesema umeelemewa, umemwachia kazi yote. Na bei amenipunguzia, Mungu ambariki. Kwani..."

Akaniangalia vizuri. Akalirudisha shuka polepole.

"Yesu wangu. Kwani hukujua?"

Nikatikisa kichwa.

"Wapo nyuma ya pale wanapochoma nguruwe," akasema kwa sauti ndogo. "Chumba chenye mlango wa bluu. Mwanangu, usiende peke yako."

Nilikwenda peke yangu.

*

Rangi ya bango ilikuwa bado inanukia. ARYEMO DOBI. Chini yake wamechora shati.

"Karibu, mteja!" kijana mmoja akasema, akisimama mlangoni. "Mimi Bonny. Nguo za leo zinatoka leo."

Nikainamisha macho, kwa mazoea tu.

Buti jeusi. Kamba ya kijani.

Nyuma yake mashine yangu ilikuwa inazunguka. Mguu wake wa kushoto ni mfupi, mimi huuwekea kipande cha boksi. Hao hawakujua. Ilikuwa inarukaruka na kugonga ukuta, kama mtu anayeomba kutolewa.

"Bonny, hiyo kelele ya nini tena?" Aryemo akatokea uani, vibanio vya nguo mdomoni. Akaniona. Vibanio vikaanguka.

"Jannat wangu."

"Ungeniambia unaitaka," nikasema.

"Ungefanya nini? Ungenitazama viatu."

Bonny akacheka. Aryemo hakucheka.

"Sikiliza," akasema. "Mimi nina kitambulisho, kazi sina. Wewe una kazi, kitambulisho huna. Ukishindwa kulipa, jina linaloingia kwenye madeni ni langu. Siyo lako. Umewahi kulala unaliwaza hilo? Hata siku moja?"

"Nilikuwa nalipa."

"Mpaka ukashindwa."

"Walinipa miezi mitatu."

Uso wake ukabadilika. "Nani amekuambia?"

"Nimekwenda."

"Wewe? Umekwenda? Na ukaongea?" Aliuliza kama mtu aliyeambiwa kiti kimeongea. "Nani alikusemea?"

"Ijumaa zangu ziko wapi, Aryemo?"

"Nimelipia kodi ya chumba hiki." Alisema hivyo bila kupepesa. Kisha akasogea, akalainika, akataka kunishika mkono kama kawaida yake. "Nilikuwa nakuja kukuchukua. Haki ya Mungu. Nimekupangia kazi, Jannat. Utapiga pasi. Hakuna anayenyoosha shuka kama wewe. Nitakulipa vizuri, wewe na Mama mtakula."

Nimeibiwa, nimedanganywa, yote hayo niliyasikia kama ganzi. Hilo la pasi ndilo lilinichoma.

"Unaniajiri," nikasema. "Kwenye mashine yangu."

"Mashine ina jina la nani?"

Niligeuza macho kwenye mashine.

"Sema! Risiti ina jina la nani? Kadi ina jina la nani? Nenda polisi kesho uwaambie Aryemo ameiba mashine ya Aryemo. Watakucheka mpaka wadondoshe kofia." Akanyoosha kidole kwenye simu mkononi mwangu. "Na hiyo laini pia ni yangu. Nikisema ifungwe, inafungwa. Namba za wateja, pesa zilizomo, vyote. Sitaki kufanya hivyo. Usinilazimishe."

"Mwambie aende," Bonny akasema. "Anatufukuzia wateja."

Hapo simu ikalia.

Nikaitazama. Kwa miezi yote hiyo nilikuwa nimeihifadhi namba ile kwa neno moja, KADI. Nimeipigia asubuhi, nimeipigia adhuhuri, nimeipigia nikiwa nalia. Yenyewe haikuwahi kunipigia hata mara moja.

KADI, ikaandika. KADI. Ikatetemeka mkononi mwangu.

Aryemo aliisoma. Rangi ikamtoka usoni.

"Umewaambia nini?"

"Kwamba wanaume wawili walikuja wakajiita wao."

Bonny alikuwa tayari anatafuta koti lake. "Mimi simo," akasema. "Ulisema ni mashine yako. Ulisema ni dada yako, mnataniana."

"Bonny, simama hapo!"

Buti lenye kamba ya kijani likapita kando yangu, likatoka, likapotea kwenye moshi wa nyama.

Aryemo akapiga magoti. Yeye, binti wa sajini, aliyekuwa akigombana na walimu kwa ajili yangu, alipiga magoti kwenye sakafu iliyolowa.

"Usipokee. Jannat, nakuomba. Baba akisikia polisi wameingilia jambo hili, ataniua kweli, unamjua. Chukua mashine. Ichukue leo, naita gari sasa hivi. Chukua na chumba. Usipokee tu."

Mashine ile ndiyo kitu nilichokuwa nakitafuta tangu wiki jana. Hiyo hapo. Nimepewa.

Lakini nilifikiria pia: kesho akiamka na moyo mwingine, risiti itakuwa bado ina jina lake.

Nikapokea.

"Hallo," sauti ya mwanamume ikasema. "Mimi ni msimamizi wa Kadi ya Tulizo. Tumesikia kuna watu wanatumia jina letu kuingia nyumba za wateja. Nipo hapa na ofisa wa polisi, anataka kuandika maelezo, na anasikiliza. Kabla hatujaendelea, tafadhali, naongea na nani? Jina kamili."

Nikisema mimi ni Aryemo, basi mashine iko dukani kwa mwenyewe, hakuna aliyeiba, mambo yamekwisha. Nikisema mimi ni Jannat, basi mimi ndiye niliyesimama kaunta asubuhi nikajiita mtu mwingine, nikiwa na laini ya mtu mwingine na kadi ya mtu mwingine. Na ofisa anaandika.

Aryemo alikuwa ananitazama kutoka chini, midomo inacheza, mikono ameikunja kifuani. Alitaka kuniambia la kusema. Safari hii hakuweza kujibu kwa niaba yangu.

"Hallo? Unanisikia? Ni nani anayeongea?"

Mashine ikamaliza mzunguko, ikanyamaza. Nikaacha kutazama sakafu. Nikamtazama Aryemo machoni.

"Nakusikia, bwana," nikasema.

Nikataja jina.